Kuanza mafunzo kwa vitendo katika kituo cha runinga Dar es Salaam: mwongozo kwa anayetoka mkoani

Mitihani ya muhula wa pili ikiisha na likizo ndefu ikaanza, wanafunzi wa uandishi wa habari kutoka Mwanza, Dodoma, Iringa na Arusha hufungasha mabegi wakaja Dar es Salaam kufanya mafunzo kwa vitendo, ambayo sote tumezoea kuyaita fildi. Wengi wao hupangiwa wiki nane hivi, kati ya Julai na Septemba, na wiki nane katika kituo cha runinga hupita upesi kuliko mtu anavyodhani: ya kwanza huishia kwenye kutafuta njia, ya pili kwenye kujua majina ya watu, na kabla mwanafunzi hajashika kamera kwa utulivu, msimamizi kutoka chuoni amekwisha kufika mlangoni na fomu yake ya tathmini. Nami nilikuja hivyo hivyo kutoka Mwanza, na leo nimekaa upande wa wanaowapokea. Nilichokiona katika miaka yote hiyo ni kwamba anayefaidika na fildi si lazima awe mwenye sauti nzuri au sura inayopendeza kwenye kioo. Ni yule aliyemalizana na jiji kabla ya siku ya kwanza kazini, kisha akakubali kuanza na picha na sauti kabla ya kutaka kuonekana.

Nafasi huombwa Machi, si Juni

Vituo vikubwa vya runinga hupokea barua za vyuo vingi kwa wakati mmoja, na chumba cha habari hakina viti vya kutosha kwa kila anayeomba. Anayepeleka barua mwezi wa Machi au Aprili hupata nafasi ya kujibiwa, kukosa, na kuomba kwingine. Anayepeleka Juni hana pa kurudi. Barua ya utambulisho ya chuo ni lazima, lakini haitoshi, kwa sababu inafanana na barua za wenzako wote. Ambatanisha barua yako mwenyewe ya ukurasa mmoja, inayotaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza, mwaka wa masomo, na idara unayoiomba kwa jina. Anayeandika kwamba yuko tayari kupangiwa idara yoyote hudhani anaonyesha unyenyekevu, kumbe anamwachia ofisa wa rasilimali watu kazi ya kumfikiria, na ofisa huyo ana barua nyingine mezani. Andika kwamba unaomba chumba cha habari, au uzalishaji wa vipindi, au uhariri wa picha, kisha utaje kitu kimoja ulichokwisha kukifanya: kipindi cha redio ya chuo, makala fupi ya picha uliyoihariri kwa simu, au mahafali uliyoyapiga picha.

Baada ya wiki mbili piga simu, ujitambulishe kwa heshima, na uulize kama barua imefika kwa mhusika. Uliza pia mambo matatu: kama kuna malipo yoyote ya utawala, kama mwanafunzi hupewa kitambulisho, na kama gari la kituo huwashusha wanafunzi wanaotoka kazini usiku. Ukiambiwa kuna malipo, yalipwe kwa utaratibu wa ofisi na udai stakabadhi. Mtu binafsi anayetaka umtumie fedha kwenye simu ili akutafutie nafasi usimtumie. Jibu likija, lipate kwa maandishi, maana neno la mdomo la mtu aliyehama idara mwezi Mei halitakufungulia geti mwezi Julai.

Jiji kwanza

Ramani ya vituo haitawanyiki sana. ITV na Clouds wako Mikocheni, TBC wako jirani tu, upande wa Bamaga, na Azam wako Tabata. Jambo hili dogo ndilo linaloamua utalala wapi. Kwa Mikocheni na Bamaga, tafuta malazi Sinza, Mwenge, Kijitonyama au Mwananyamala. Kwa Tabata, tafuta hapo hapo Tabata, au Mabibo na Ubungo. Chumba cha bei nafuu Mbagala au Gongo la Mboto kitakumalizia kwa nauli chote ulichookoa kwenye kodi, na kitakula usingizi ambao kazi ya runinga inauhitaji.

Sikushauri upange chumba kwa ajili ya wiki nane. Wenye nyumba wengi jijini hudai kodi ya miezi mitatu, sita au hata mwaka kwa mkupuo, na dalali naye hutaka chake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja. Njia mbili zinazofaa ni kukaa kwa ndugu, au kuchangia chumba na mwanafunzi wa chuo cha Dar es Salaam ambaye mwenzake amerudi kwao kwa likizo. Ukikaa kwa ndugu, usifike mikono mitupu, na usiku ule ule wa kwanza umweleze mwenyeji wako, awe mama mdogo, shangazi au kaka, jinsi ratiba yako itakavyokuwa: kwamba kuna siku utatoka alfajiri, na kuna siku taarifa ya habari itakuchelewesha urudi saa nne au saa tano usiku. Nimeona binti mmoja, mwenye bidii kuliko wote aliokuja nao, akikatishwa fildi katika wiki ya tatu kwa sababu nyumbani hawakuelewa kazi gani hii inayomrudisha mtoto wa watu usiku wa manane. Barua ya kituo yenye muhuri, kama angewaonyesha mapema, ingemwokoa. Mpe mwenyeji wako na namba ya simu ya ofisi.

Anayetoka mikoa ya mbali kwa basi atashukia Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, ambacho kiko mbali na katikati ya jiji. Asije akamwahidi mtu kukutana naye Posta baada ya nusu saa. Kutoka Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na mtu hufika amechoka, kwa hiyo kama kazi inaanza Jumatatu, fika si baadaye ya Alhamisi. Anayetoka Dodoma au Morogoro ana treni ya SGR, iliyoanza safari hizo mwaka 2024, na safari kwake ni ya saa chache tu. Siku ya Ijumaa fanya jambo ambalo wengi hulipuuza: toka nyumbani kwa saa ile ile utakayotoka Jumatatu, panda daladala au Mwendokasi kama unakwenda kazini, ufike hadi getini, kisha urudi jioni wakati foleni imekaza. Safari ya dakika 20 Jumapili inaweza kuwa ya saa moja na nusu siku ya kazi. Jua kituo unachoshukia na kituo kinachotangulia, na ujue njia ya pili ya kurudi endapo ya kwanza itafungwa. Ukirudi, pita ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe na kitambulisho au namba yako ya NIDA.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Wanafunzi wengi wa fildi hawalipwi mshahara. Mnufaika wa mkopo wa HESLB huwa na kipengele cha mafunzo kwa vitendo, lakini nauli ya wiki tatu za kwanza iwe mkononi kabla hujapanda basi, na uitenge kwenye simu mbali na fedha ya chakula. Julai na Agosti ni kipupwe, hakuna mvua kubwa, hivyo jozi mbili za viatu vya kufunga na mashati au magauni manne ya heshima yanatosha. Chagua nguo za rangi moja. Mistari myembamba na vidoti vidogo hucheza kwenye kamera, na nguo ya kijani itakuponza studio yenye pazia la kijani, kwa sababu mwili wako utamezwa na picha ya nyuma. Unapotembea barabarani, simu iwe mfukoni. Wakwapuzi wa pikipiki hawamjui mgeni wala mwenyeji.

Siku inavyozunguka

Mwanafunzi asiyeijua siku ya chumba cha habari huonekana mvivu hata kama ana bidii, kwa sababu hukaa wakati wa kukimbia na hukimbia wakati wa kukaa. Asubuhi kuna kikao cha habari. Kila mwandishi huja na wazo, mhariri hugawa kazi, na timu hutoka: mwandishi, mpiga picha na dereva. Mchana hurudi. Picha hupakuliwa, mwandishi huandika, mhariri hupitia andiko, sauti hurekodiwa, mhariri wa picha huunganisha, na habari huingizwa katika mpangilio wa taarifa. Saa mbili kamili usiku ule mlio unaojulikana na nchi nzima hupigwa, na saa hiyo haisogezwi kwa ajili ya mtu yeyote. Mambo yote mengine ya siku yanapimwa kwa saa hiyo. Ndiyo maana mtu aliyekuitikia kwa upole saa nne asubuhi anaweza kukujibu kwa neno moja saa kumi na moja jioni, nawe usimwekee kinyongo. Maswali yako yaandike kwenye daftari, uyaulize taarifa ikiisha.

Kikao cha asubuhi usikikose hata siku moja, na usiingie bila wazo. Wazo si mada. Ukisema «ajira kwa vijana» umesema mada, na mhariri atakuruka. Ukisema kwamba kituo cha daladala unachopandia hakina kivuli, abiria wanajibanza kwenye ukuta wa duka, na umezungumza na mwenye duka akakubali kuhojiwa, umeleta stori yenye mahali, mtu na picha. Mgeni wa jiji ana faida hapa: anaona mambo ambayo wenyeji wamekwisha kuyazoea.

Ijue pia kalenda ya miezi yako. Julai unakuta Maonesho ya Biashara ya Kimataifa, yaani Sabasaba, yanaendelea Barabara ya Kilwa, na mwaka mpya wa fedha wa serikali umeanza tarehe 1. Agosti kuna Nanenane, na mara nyingi kuna wiki ya Simba na wiki ya Yanga, ambazo huhamishia nusu ya chumba cha habari Uwanja wa Mkapa. Siku hizo timu hazitoshi, na mwanafunzi aliyekwisha kujulikana kwamba anaweza kubeba stendi ya kamera na kurudi na picha zinazofaa hupewa kazi ambayo mwezi mmoja uliopita asingepewa.

Picha

Hapa ndipo ninapowaomba wanafunzi wakae muda mrefu. Siku kumi za kwanza usiombe kusoma wala kusimama mbele ya kamera. Omba kutoka na mpiga picha. Mbebee stendi, chaji betri zake usiku, hesabu memori kadi kabla ya gari kuondoka na uzihesabu tena mnaporudi. Kisha mtazame anavyofanya, maana mpiga picha mzuri hasemi sana.

Chukua mfano wa Soko la Samaki la Feri, pale Kivukoni, ambako karibu kila mwanafunzi wa fildi hufika siku moja. Mgeni huwasha kamera akaizungusha soko zima, kutoka kwenye mashua hadi kwenye mnada hadi kwenye majiko ya kukaangia, kwa dakika tatu bila kusimama. Mhariri wa picha hawezi kukata popote katika dakika hizo tatu. Mpiga picha aliyekomaa husimama kwanza bila kamera, akaangalia mnada unaanzia wapi. Kisha huchukua picha pana ya watu waliozunguka rundo la samaki, sekunde kumi, bila kutikisika. Anasogea, anachukua ya kati: dalali wa samaki na wanunuzi wawili mbele yake. Anasogea tena: mkono unaoinua samaki kwa mkia. Jicho la mama mmoja linalopima. Noti zinazohesabiwa juu ya beseni lililolowa. Maji yanayotiririka kutoka kwenye barafu iliyobaki. Kila moja sekunde kumi, kila moja imetulia. Nje ya mnada anachukua nyingine nne au tano za ziada, mashua, kunguru, ubao wa bei, za kufunika pale mhariri atakapokata maneno ya mhojiwa. Dakika 20 zimetosha, na stori imekwisha kuonekana kabla neno moja halijaandikwa.

Fanya zoezi hilo kwa simu yako mwenyewe siku za mapumziko. Chagua fundi cherehani au muuza kahawa aliyekuruhusu, uchukue picha kumi tu, kila moja sekunde kumi, pana, kati na karibu, kisha uziunganishe bila sauti. Ukimwonyesha mtu naye akaelewa kinachofanyika, umeanza kuijua kazi.

Picha zikirudi kituoni, zinakiliwe sehemu mbili kabla kadi haijafutwa, na kadi isifutwe mpaka mhariri wa picha aseme kwa kinywa chake kwamba ameziona. Faili liitwe kwa tarehe, mahali na jina la stori. Ni kazi ya dakika tano, lakini ndiyo inayomfanya mhariri wa zamu akukumbuke siku anapotafuta picha ya mwezi uliopita akaipata.

Sauti

Katika wiki yangu ya kwanza niliagizwa kumshikia mwandishi kipaza sauti kwa mahojiano na mama mmoja aliyekuwa amebomolewa kibanda chake. Alizungumza kwa dakika saba, akalia, akafuta machozi, akaendelea. Tuliporudi, hakukuwa na sauti: betri ya kipaza sauti ilikuwa imekwisha na hakuna aliyevaa hedifoni. Hatukuweza kumrudia yule mama tukamwambia alie tena. Stori haikutoka, na kilio chake hakikusikika na mtu yeyote zaidi ya sisi watatu. Sijawahi kusahau, na tangu siku hiyo sijawahi kuanza mahojiano bila kumwomba mhojiwa ataje jina lake na kazi yake huku nikisikiliza mwenyewe kwa hedifoni. Kutaja jina kuna faida nyingine: maandishi yatakayokaa chini ya picha yake yatakuwa sahihi, na hutampigia simu saa moja jioni kumuuliza kama jina lake lina h au halina.

Betri mpya mfukoni. Mhojiwa asimame mbali na jenereta na mashine ya kusaga. Kabla ya kuondoka, rekodi dakika moja ya sauti ya mahali penyewe bila mtu kuongea. Mhariri ataitumia kuziba mishono.

Kiswahili cha taarifa ya habari

Kiswahili cha runinga huandikwa kwa ajili ya sikio la mtu anayekula chakula cha jioni huku watoto wakipiga kelele. Hawezi kurudia sentensi kama msomaji wa gazeti. Mimi huhesabu maneno mawili kwa sekunde. Habari ya dakika moja na nusu yenye sauti mbili za wahojiwa, kila moja sekunde 15, inakuachia maneno 120 ya kusoma, basi. Tuseme umetoka Feri na stori ya uhaba wa barafu. Andiko la kwanza la wanafunzi wengi huanza hivi:

«Wafanyabiashara wa samaki katika soko la Feri jijini Dar es Salaam wameiomba serikali iweze kuwaangalia kwa jicho la tatu kutokana na changamoto mbalimbali zinazowakabili ikiwemo suala zima la uhaba wa barafu.»

Maneno 31 yamekwisha, sekunde 15 zimekwenda, na mtazamaji hajaona kitu. «Iweze», «jicho la tatu», «changamoto mbalimbali», «suala zima»: yote hayo yanaweza kuondoka bila mtu kuuliza yamekwenda wapi. Sasa rudi kwenye picha zako, uangalie zinasema nini, uandike juu yake:

«Samaki hawa wamefika Feri saa kumi na mbili asubuhi. Ikifika saa nne, nusu yao watauzwa kwa hasara. Barafu imekwisha.»

Maneno 19. Neno «hawa» linafanya kazi kubwa, kwa sababu mtazamaji anawaona samaki wakati analisikia. Ile «nusu yao» lazima awepo mtu aliyekuambia, jina lake liwe kwenye daftari lako, na ikiwezekana aseme mwenyewe mbele ya kamera. Kama hayupo, ifute. Kabla ya kumpelekea mhariri, soma andiko kwa sauti ukiwa umesimama. Pale utakapokosa pumzi ndipo nukta inapotakiwa.

Matamshi yanastahili uangalifu wa peke yake, hasa kwetu tuliolelewa na lugha za nyumbani kabla ya Kiswahili. Wapo wanaobadilishana r na l, wapo wanaosema «zahabu» wakitaka dhahabu, «samani» wakitaka thamani, «gali» wakitaka ghali. Si jambo la kuonea haya na wala si la kuacha hivyo. Chukua taarifa ya habari ya jana, usome kwa sauti robo saa kila asubuhi, ujirekodi, kisha umwombe msoma habari mmoja akusikilize mara moja kwa wiki. Nimewaona wakikubali kwa moyo mkunjufu, kwa sababu wengi wao walipita njia hiyo hiyo. Majina ya watu na ya mahali ulizia wenyewe wa huko. Na hapa mtu wa mkoani ana mali ambayo hajui kama anayo: siku stori inapotoka Ukerewe, Sengerema au Karagwe, wewe ndiye utakayejua linavyotamkwa.

Mambo yasiyoandikwa kwenye barua ya mapokezi

Utafika kwenye mkutano na waandishi, na mwisho wake mtu atapita na bahasha. Usipokee. Najua nauli ilivyo, na najua utawaona wakubwa wako wakipokea. Lakini anayekupa bahasha amenunua sentensi zako za jioni, na hata kama hataziomba, wewe mwenyewe utaanza kumpunguzia maswali. Sema kwa adabu kwamba ofisi yako haijakuruhusu, ukamweleze mhariri wako utakaporudi. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania zisome kabla hujaja. Ni kurasa chache.

Watoto wanalindwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtoto aliye katika shauri usimwonyeshe uso wala kutaja jina, shule au mzazi wake, hata kama mzazi mwenyewe amekubali kwa hasira. Mahakamani kamera hubaki nje mpaka upate idhini. Na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 inadai ithibati kwa mwandishi, kwa hiyo usijitambulishe popote kama mwandishi wa kituo hicho. Wewe ni mwanafunzi aliye kwenye mafunzo, na sema hivyo. Picha mbichi za kituo zisitoke kwenye simu yako kwenda mtandaoni, wala picha yako umekaa kwenye kiti cha msoma habari. Kituo huchukuliana na mwanafunzi aliyekosea andiko, lakini aliyevujisha picha ataondoka siku hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mabinti, na wakati mwingine wavulana, huambiana kwa kunong'ona tu: mkubwa anayetaka mapenzi ili akupe nafasi ya kuonekana hewani, au akusainie fomu. Hiyo ni rushwa ya ngono, na ni kosa la jinai chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi kila ujumbe, andika tarehe na saa, usikubali kukutana naye nje ya ofisi, na umwambie mtu siku ile ile: msimamizi wako wa chuo, au mwanamke mkubwa unayemwamini katika chumba cha habari. TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba 113, bila malipo, na TAMWA, chama cha wanahabari wanawake kilichoanzishwa mwaka 1987, ofisi zake ziko Sinza Mori. Fildi moja inaweza kurudiwa. Hakuna fomu ya tathmini inayofaa kulipiwa kwa bei hiyo, na aliyekufanyia hivyo ndiye mwenye aibu, si wewe.

Wiki mbili za mwisho

Daftari la kumbukumbu za kila siku lijaze kila jioni ndani ya daladala au kabla ya kulala, na msimamizi wako wa kituo alisaini kila Ijumaa. Anayesubiri wiki ya mwisho humkuta msimamizi amesafiri kikazi. Usiandike «nilijifunza mambo mengi kuhusu uhariri». Andika kwamba ulikata mahojiano ya dakika tisa yakawa sekunde 18, na utaje kwa nini ulichagua hizo. Msimamizi wa chuo akija, mwonyeshe daftari hilo na andiko lako moja lenye masahihisho ya mhariri. Yatamweleza zaidi ya maneno yako.

Omba kwa maandishi ruhusa ya kubaki na nakala za habari mlizoshiriki zilizokwisha kurushwa, kisha uandae mkusanyo wa dakika mbili au tatu, ukianza na kazi iliyo bora kuliko zote. Sema wazi sehemu yako ilikuwa ipi: uliandika, ulipiga picha, au ulihariri. Ukipewa nafasi ya kusimama mbele ya kamera wiki hizi, ichukue. Sasa unajua nani anakupiga picha, anataka nini, na kwa nini amekuambia usogee hatua moja kushoto.

Siku ya mwisho rudisha kitambulisho, hedifoni na kila betri uliyoazimwa, upate barua ya kumaliza yenye tarehe zote mbili, na uwaage watu mmoja mmoja, kuanzia kwa madereva na wapiga picha. Chukua namba ya mhariri wa habari za mikoani. Ndani ya wiki ya kwanza baada ya kufika nyumbani, mtumie wazo moja la stori kutoka kwenu, lenye mahali, mtu na picha: mwalo ambao mitumbwi imeanza kurudi bila dagaa, au barabara iliyokatika, pamoja na jina la mtu aliyekubali kuzungumza na picha kumi za sekunde kumi kumi ulizozichukua kwa simu yako.